Damu Iliyomezwa

Adelfina alikwenda kwao Kanazi Jumapili ile akijua atashinda. Alivaa gauni la kijani alilolipenda Niyibizi, na njia nzima alikuwa akiyapanga maneno yake kichwani, moja baada ya jingine, kama alivyozoea kupanga vioo vya hadubini mezani kwake. Hakujua kwamba mtu anaweza kushinda na kupoteza kwa neno lile lile.

Niyibizi alimpokea pale migomba ya kwao ilipoanzia. Hawakushikana mikono. Mbele ya watu wa Kanazi wao walikuwa kaka na dada, na kaka na dada hawatazamani vile. Lakini macho hayana mlinzi. Yalikutana, yakakaa, na kwa kitambo kile Adelfina akaisahau hadubini, akaisahau kambi, akalisahau hata tangazo lililokuwa likisomwa kwa vipaza sauti huko Benaco, kwamba wakimbizi wa Rwanda wote wawe wamerudi kwao kabla ya mwaka kwisha.

"Umependeza, Daktari wa Moto," Niyibizi alisema.

"Usiniite hivyo hapa. Shangazi ana masikio."

"Shangazi ana mdomo. Masikio huwa anaazima."

Alicheka, naye akacheka, kisha kicheko kikawafia wote wawili kwa pamoja.

Jina hilo Niyibizi ndiye aliyempa, mwaka ule wa kwanza kambi ilipojaa. Adelfina alikuwa mtafiti. Alitumwa kutoka Dar es Salaam wakati watoto wa Benaco walipokuwa wakifa kwa kuhara damu, atafute jibu la swali moja lililomnyima usingizi: kwa nini mtoto anapewa dawa, vijidudu vinakufa, lakini tumbo lake linaendelea kuungua mpaka naye anakufa? Aliweka hadubini ndani ya hema la turubai la bluu, na Niyibizi, aliyekuwa mwalimu huko kwao, akaajiriwa kuwa mkalimani wake. Yeye ndiye aliyewaeleza akina mama kwa nini binti huyu anataka tone la damu ya mtoto. Na ili aweze kueleza, ilibidi kwanza aelezwe.

Adelfina alimweleza kwamba kila mtu anazaliwa na askari wake. Askari hao hawaendi shule, hawafundishwi sura ya adui, hawaulizi jina. Kitu chochote cha kigeni kikiingia mwilini wanakivamia na kuwasha moto, na ndiyo maana kidonda huvimba, kikawa chekundu, kikapata joto na kuuma. Moto huo ndio unaotuponya. Ila kwa watu wengine askari hawajui kuacha. Adui amekwisha kufa, wao bado wanachoma, mpaka wanaiteketeza nyumba waliyowekwa kuilinda. Yeye alikuwa anakitafuta kitu kinachowaambia basi, inatosha.

"Na ukikipata?" Niyibizi alimwuliza siku hiyo.

"Nitaokoa watoto."

"Uniwekee kidogo. Kuna moto umewaka hapa kifuani na sioni wa kuuambia inatosha."

Ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, kwa mzaha, ndani ya hema lenye harufu ya dawa, huku nje watu wakizikana. Kama kuna mtu anadhani mapenzi huchagua mahali, basi huyo hajawahi kupenda.

Kikwazo chao hakikuwa kambi. Wengi wa Ngara walioa na kuolewa na watu wa kambini. Kikwazo kilikuwa ndani ya nyumba yao wenyewe, kilikuwa kikubwa kuwazidi umri wao wote wawili, na kilikuwa cha heshima.

Zamani, kabla Adelfina hajazaliwa, kijana mmoja Mnyarwanda aliyeitwa Ndizeye alipita Kanazi akitafuta kazi ya kuchuma kahawa. Akamkuta kijana mwenzake, Benedicto, ameumwa na nyoka shambani, mguu umevimba, na hakuna mtu karibu. Akambeba mgongoni, kilima baada ya kilima, hadi kwa mapadri. Benedicto alipopona, vijana wale wawili walichanjiana damu. Kila mmoja alijichanja karibu na kitovu, akapaka damu yake kwenye punje ya buni, na kila mmoja akaimeza punje ya mwenzake. Wakaapa: nikikunyima mlango, damu hii inivimbe tumboni. Tangu siku hiyo Ndizeye akawa mdogo wake Benedicto, na watoto watakaozaliwa kwao wakawa ndugu wasioweza kuoana.

Benedicto ndiye baba yake Adelfina. Ndizeye ndiye baba yake Niyibizi.

Vita vilipomsukuma Ndizeye kuvuka mto, mjane, na mwana mmoja tu aliyebaki, hakukaa kambini hata mwezi. Aliuliza njia ya Kanazi. Benedicto alimpa nyumba nyuma ya nyumba yake, akampa migomba na kiwanja cha maharage. Na juzi, mwenyekiti wa kijiji alipopita kuuliza ni nani wanaoishi na wakimbizi, Benedicto alimjibu hivi: "Mimi sina mkimbizi. Nina mdogo wangu." Mwenyekiti alijua habari ya kiapo, kama Kanazi yote ilivyoijua. Akaenda zake.

Sasa Niyibizi alikuwa akimsihi Adelfina asiseme.

"Nipe muda," alisema. "Wazee wana njia zao. Labda kuna namna ya kufungua, wakatuchinjia kondoo, sijui. Mwache baba yangu atafute mlango mwenyewe."

"Muda gani, Niyibizi? Krismasi ikipita watu wa Celestini wanakuja kutoka Biharamulo. Shangazi ameshawaambia waje na ng'ombe. Unataka niolewe na mwalimu mkuu mwenye miaka hamsini huku wazee wako wanatafuta kondoo?"

"Nataka usiseme lile la damu."

"Ni kweli."

"Najua ni kweli. Nililitafsiri mara ngapi?"

Alimtazama kwa namna ambayo Adelfina angeikumbuka baadaye na kutamani kufa. Lakini saa ile moyo wake ulikuwa unawaka, na moto wake ulikuwa wa aina ile isiyojua kuacha. Akampita, akaingia uani.

Wazee wawili walikuwa wameketi kwenye viti vifupi, kibuyu cha pombe ya ndizi kati yao, mirija miwili imesimama ndani. Benedicto hakunywa. Alikuwa bado anatumia vidonge, na Adelfina mwenyewe ndiye aliyempiga marufuku pombe. Lakini kila Ndizeye alipovuta, Benedicto naye aliushika mrija wake na kuugusa kwa midomo, ili mdogo wake asionekane anakunywa peke yake. Shangazi Anjelika, dada yake Benedicto, aliyemlea Adelfina tangu mama yake afariki, alikuwa akimenya ndizi mlangoni.

Adelfina akapiga magoti. "Shikamoo, baba. Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu," wote wawili wakaitika, na Ndizeye akaongeza kwamba amekonda, hivi huko kwenye mahema hawampi ndizi?

"Amekondeshwa na mawazo," Shangazi alisema bila kuinua kichwa. "Mawazo yenyewe yuko nyuma ya mgomba ule pale, anadhani hatumwoni."

Niyibizi akatoka nyuma ya mgomba na kuja kusimama karibu na baba yake.

Adelfina hakutaka mzaha umpotezee mpango wake. Akamwomba baba yake ruhusa ya kusema, naye akampa. Akamwuliza mbele ya wote, tumbo lake lilivimba kwa sababu gani?

Hapo kisu cha Shangazi kikasimama. Hiyo ndiyo habari iliyokuwa imeilaza nyumba ile roho juu kwa mwezi mzima. Mara tu Shangazi alipowafuma Adelfina na Niyibizi kisimani, mikono yao pamoja, Benedicto aliugua. Homa ikampanda, tumbo likamvimba upande wa kulia, akawa hawezi kulala. Kijiji kizima kikasema kiapo kimeamka. Kilisema wale watoto wanamuua baba yao.

"Sababu anaijua," Shangazi alisema. "Na wewe unaijua."

"Ninaijua, shangazi, kwa sababu niliiona." Adelfina akaeleza. Alichukua damu ya baba yake akaitazama, na wale askari wa mwili walikuwa wamejazana kupita kiasi, kama watu waliosikia yowe. Maana yake kulikuwa na adui. Adui huyo alikuwa amiba, yule mdudu wa maji machafu, aliyepanda hadi kwenye ini na kujichimbia shimo. Daktari alipochoma sindano ulitoka usaha wa rangi ya udongo, karibu bakuli. "Baba akapewa flajili, na uvimbe ukaisha. Nawauliza sasa. Kiapo kinatibiwa kwa flajili?"

Ndizeye akacheka kwanza. Alikuwa na kicheko chepesi kama cha kijana. "Hapo amekushika, kaka," alimwambia Benedicto. "Kumbe ulikuwa unatutisha bure."

Benedicto akacheka, mkono juu ya ubavu wake uliokwisha kunywea. Hata Shangazi aliinamisha uso kuficha meno. Uani pale pakawa na nafasi, nafasi ndogo iliyo wazi, ambamo msichana na mvulana wangeweza kuingia taratibu wakiwa wameshikana mikono. Niyibizi aliiona. Akamtazama Adelfina akimwomba kwa macho: ishia hapo.

Hakuishia hapo.

"Kuna jambo jingine, baba. Damu ile mliyomeza haikukaa. Iliyoingia tumboni iliyeyushwa kama chakula chochote. Na hata kama kuna tone lililogusa kidonda, askari wako waliliona kuwa ni la kigeni, wakalivamia, wakalila. Ndiyo kazi yao, wamezaliwa nayo. Damu ya baba mdogo haimo ndani yako, wala yako haimo ndani yake. Haijawahi kuwamo. Mimi na Niyibizi si ndugu. Hakuna cha kutukataza."

Alimaliza akihema. Alikuwa amelisema vizuri, kama alivyolipanga.

Ndizeye aliuchomoa mrija wake kutoka kwenye kibuyu, akaukung'uta, akaulaza juu ya nyasi.

"Mwanangu," alisema, "mimi sikusoma. Nieleze polepole. Hao askari wa kaka yangu waliijua damu yangu?"

"Waliijua kwamba si yake."

"Bila mtu kuwaambia?"

"Bila kuambiwa, baba mdogo. Ndivyo walivyoumbwa."

"Wakaiua."

"Ndiyo."

"Ilichukua muda gani?"

Swali lilikuwa swali, na jibu Adelfina alilijua. "Siku ile ile. Kama ilichelewa sana, siku chache."

"Na wangu wakaiua ya kwake."

"Ndiyo, baba mdogo."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali bei. "Kwa hiyo mimi nimekuwa nikila hapa bila kuwa na ndugu."

"Sikusema hivyo," Adelfina akasema haraka.

"Umesema, mwanangu, wala hujasema vibaya. Ninakuamini. Wewe ndiye uliyemponya huyu, sisi wote tukiwa tumekaa tunalia. Nani asikuamini?"

Benedicto alikuwa amenyanyuka nusu. "Ndizeye, haya ni maneno ya watoto. Vuta mrija wako."

"Ni maneno ya kweli, Benedicto."

Shangazi aliachia ndizi ikaanguka kwenye maji. Tangu Adelfina azaliwe hakuwahi kumsikia Ndizeye akimwita baba yake kwa jina. Ilikuwa kaka, sikuzote kaka, tangu zile safari za zamani alipokuja kuwatembelea na kitunga cha maharage kichwani. Jina lile tupu lilisikika kama mlango unaofungwa kwa adabu.

"Mwenyekiti alipokuja," Ndizeye aliendelea, "ulimwambia huna mkimbizi. Kumbe ulikuwa naye. Sitaki useme uongo kwa sababu yangu. Umri wetu huu si wa kusema uongo."

"Nilimwambia ninachokijua."

"Na sasa tunajua zaidi."

Alisema kwa Kinyarwanda maneno machache, na Niyibizi akainamisha kichwa. Kisha mzee akamshukuru Shangazi kwa chakula cha siku zote hizo, chakula chote kwa pamoja, kama mtu anayeaga hotelini, akaelekea nyumba ya nyuma. Benedicto akamfuata. Sauti zao zilisikika kwa muda mrefu. Ya mmoja ikipanda, ya mwingine ikibaki pale pale.

Adelfina alimkuta Niyibizi nyuma ya nyumba akifunga godoro kwa kamba. Alimshika mkono wazi wazi, maana hakuona tena sababu ya kujificha.

"Mzuie."

"Nimzuie kwa neno gani? Nimwambie umekosea?"

"Mwambie undugu si damu. Mwambie ni ule mguu wa baba na ule mgongo wake. Mwambie chochote."

"Wewe mbona hukumwambia hivyo?"

Machozi yalimjia, na Niyibizi, ambaye siku nyingine angeyafuta, aliendelea kuvuta kamba.

"Nilitaka tuwe huru," Adelfina alisema.

"Tuko huru. Umetufungua mpaka hakuna mahali tulipofungwa." Akaikaza kamba kwa goti, kisha akakaa juu ya godoro. "Mama yangu tulimzika pembeni mwa barabara, Adelfina. Dada zangu sijui waliko. Baba hakulia. Alikuwa anasema tu, tufike Kanazi, Kanazi kuna kaka yangu. Kila alipoanguka nilimwinua kwa maneno hayo. Sasa kesho akianguka nitamwinua kwa maneno gani?"

Adelfina alipiga magoti mbele yake na kulaza kichwa kwenye mapaja yake. Mkono wa Niyibizi ulishuka juu ya nywele zake, ukatulia hapo. Haukumpapasa. Ulikaa tu, mzito, kama mkono wa mtu anayeaga maiti ya mpendwa wake. Ndipo alipojua.

Waliondoka alfajiri, ukungu ukiwa bado juu ya migomba. Adelfina alipotoka nje alimkuta baba yake ameketi mlangoni pa nyumba ya nyuma, nyumba tupu iliyofagiliwa vizuri. Alikuwa amenyolewa kichwa chote. Shangazi alikuwa amesimama kando, wembe mkononi, akilia bila sauti. Huko kwao mtu hunyolewa hivyo akifiwa na ndugu.

Adelfina akaketi chini, karibu na miguu yake.

"Nimefikiri," Benedicto alisema, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira. "Ulitaka ruhusa. Nimekupa. Yule si kaka yako tena. Mkimbilie, umwambie baba amekubali. Wa Biharamulo nitawarudishia maneno yao."

Basi akakimbia. Mapenzi hayana aibu. Hata juu ya kaburi yakiona tundu la mwanga yatalikimbilia. Alipanda lori la mkaa lililokuwa likienda Benaco, akashuka njia panda, na hapo akakuta kitu ambacho hakuwahi kukiona, ingawa alikuwa ameona mengi. Barabara ya lami ya kwenda Rusumo, kwenye daraja la mpakani, ilikuwa imejaa watu kutoka ukingo hadi ukingo, wote wakielekea upande mmoja. Masufuria, mikeka, baiskeli zilizopakiwa hadi juu, mbuzi, vizee waliobebwa kwenye machela. Hakuna aliyekuwa akizungumza. Kilichosikika ni nyayo tu.

Aliwatafuta jua likipanda na kuanza kuchoma. Aliwapata mahali ambapo wengi walikuwa wamesimama kupumzika. Ndizeye alikuwa ameketi juu ya lile godoro.

"Shikamoo, baba mdogo."

Mzee aliinua macho. Yalikuwa mekundu, lakini adabu yake ilikuwa nzima. "Marahaba, daktari," alisema, kama watu wa kambini wanavyomjibu mtu yeyote wa hospitali aliyevaa viatu.

Adelfina alimvuta Niyibizi kando na kumwambia yote kwa pumzi moja. Baba amekubali. Hakuna kizuizi tena. Warudi wote, mzee atalindwa, watafunga ndoa kanisani kabla ya mwaka kwisha. Mume wa binti wa Kanazi, nani atamfukuza?

Niyibizi alimsikiliza mpaka mwisho. Kwa kitambo kidogo uso wake ulifunguka, na Adelfina akauona tena ule wa kwenye hema, wa mzaha na moto. Kisha ukajifunga.

"Juzi baba yako alikuwa ananipa shamba kama mwanawe," alisema. "Leo ananipa binti kama nani?"

"Kama mwanamume ninayempenda."

"Na baba yangu atakaa pale kama nani? Mkwe anayehifadhiwa kwa sababu ya mwanawe? Kila asubuhi amwone Benedicto na amwite Benedicto? Hatafika Pasaka."

"Basi nakuja mimi. Nivushe mto. Nitalala popote."

"Utalala popote, najua. Lakini utampa yeye chakula, na kila utakapompa ataona uso wa baba yako." Akageuka kumtazama mzee. "Hata mimi, Adelfina. Nilitaka kukuoa nikiwa mtu wa kwenu. Sitaki kuwa mtu uliyemhurumia barabarani. Nitakupenda mpaka nikuchukie, na hilo sitaki kulifikisha."

"Yakitulia utarudi?"

"Nitabisha hodi. Mkiniuliza ni nani, nitajibu nini?"

Alingoja. Kweli alingoja, kama mtu anayetaka kupewa jibu. Adelfina, aliyekuwa na jibu la kila swali, alimshika mkono tu.

Niyibizi alimgusa shavu kwa nyuma ya kidole, mara moja, mbele ya watu wote. Kisha akaenda akamwinua baba yake. Akalipandisha godoro kichwani, akamshika mzee kwa mkono mwingine, na watu walioketi wakaanza kuinuka nao.

Adelfina alipiga hatua ya kuwafuata, na mtu akamshika gauni. Alikuwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni, aliyemfahamu kutoka kwenye hema. Alimwambia kwa Kiswahili cha kuungaunga kwamba mtoto anahara tangu jana, amwangalie, tafadhali, mara moja tu.

Adelfina alitazama mbele, akatazama chini. Alipiga magoti kwenye lami. Walimshusha mtoto, akamfunua, akaweka kiganja juu ya tumbo lile dogo. Lilikuwa gumu, na lilikuwa linaungua. Alibonyeza taratibu upande huu na upande ule, akafungua kope kuangalia rangi, akabana ngozi kuona kama inarudi. Alimwonyesha mama hema la msaada lililokuwa karibu, akamwambia asivuke kabla mtoto hajapewa maji ya chumvi na sukari.

Alipoinua kichwa, barabara ilikuwa migongo mitupu. Magodoro yalikuwa mengi, na wazee wanaoshikwa mkono walikuwa wengi. Hakuweza tena kusema ni yupi.

Mwanamke akamwuliza kama mtoto atapona.

Tumbo lile Adelfina alikuwa ameliona mara nyingi mno kwenye kazi yake. Akamtazama mama usoni.

"Atapona," alisema, ingawa hakujua.